Kadi ya Kaka Bado Inajazwa

Sehemu ya saba

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, pengine kwa kufungia viatu, ngoja nikupe mkono uvuke.

Mimi ndiye yule kijana aliyefukuzwa kazi kwenye duka la kutoa kopi, baada ya kulala juu ya mashine na kutoa kopi thelathini za shavu lake mwenyewe. Mchumba wangu ndiye yule aliyemrudishia mama yangu pete ikiwa imeviringishwa kwenye karatasi kama dawa ya minyoo. Na wiki iliyopita mliniacha nimelala chali kwenye ngazi ya saba ya hospitali. Nilikwenda kumwona mgonjwa, nikaanguka, mgonjwa akatoka kitandani kuja kuniona mimi.

Daktari alinipima presha. Akaangalia kipimo, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kipimo.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

"Moyo wako una hamsini na tisa."

"Labda tulibadilishiwa, daktari."

Hakucheka. Aliandika kwenye karatasi, akaisukuma mezani. "Anza mazoezi wiki hii. Na usithubutu kuanza peke yako. Huyu hapa ni mwalimu wa mazoezi, wagonjwa wangu wote wa moyo nawapeleka kwake."

Nikasoma jina. Wote wanamwita Mwalimu Pumzi.

Ngazi ya saba haikunitisha kama karatasi ile.

Wiki sita nimewachekesha, na nyie mmecheka, asanteni. Leo pia mtacheka kidogo. Lakini leo nasema jambo ambalo hata mto wangu wa kulalia sijauambia.

* * *

Nyumbani mama alisikiliza habari za daktari mkono kiunoni.

"Basi mtafute huyo mwalimu."

"Mama, mwalimu wa nini? Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Watu wanakuonyesha bure."

Nilipomaliza kusema, nikageukia mlangoni. Maneno hayo nilishayasema, hivyo hivyo yalivyo, ndani ya nyumba hii hii. Niliyemwambia, viatu vyake bado viko mlangoni. Kila asubuhi mama anafagia kuvizunguka. Havisogezi.

"Unaona nini?" mama aliuliza.

"Hakuna."

Akachungulia ukumbini, akanisogelea sikioni. "Kuna jambo jingine. Baba yako ana mwanamke."

"Baba huyu huyu?"

"Kwani una wangapi?"

"Mama, baba hata kuongea ameacha. Huyo mwanamke anatongozwa kwa ishara?"

"Cheka tu. Karibu kila siku saa saba na nusu anafunga duka. Saa kumi anarudi, ameoga. Mwanaume wa miaka sitini na moja anaoga nje, anamwogea nani?"

"Labda joto."

"Na mabega yamejaa! Juzi kanishika nisianguke bafuni, nikahisi nimeshikwa na mlango." Akafuta jicho kwa upande wa khanga. "Tangu tumzike kaka yako hajanigusa, Puto. Sasa amepata nguvu, anazipeleka kwingine. Mfuatilie."

Nikasema nitamfuatilia. Nilikuwa na mambo yangu ya kufuatiliwa.

* * *

Habari za Kaka nizitoe sasa. Nikiahirisha, nitaahirisha mpaka gazeti lifilisike.

Kaka alinizidi miaka minne. Alikuwa fundi kufuli kama baba, meza moja, taa moja. Jina la Puto alinipa yeye, kwa ajili ya mashavu yangu, nami nimelibeba tangu darasa la kwanza. Kuinamia kufuli kutwa nzima kulimharibu mgongo, akaamua kuanza mazoezi ya vyuma. Nyuma ya karakana ya kuchomelea, mtaa wa pili, kuna jimu ndogo. Mwenye jimu ndiye Mwalimu Pumzi.

Siku moja alinikuta nakula, akaketi mkabala nami.

"Puto, nianze mwenyewe, au nimchukue yule mwalimu?"

Aliniuliza mimi. Angeweza kumwuliza mtu yeyote mwenye akili zake, mji umejaa.

Nilikuwa nimetazama video kumi na moja za kunyanyua vyuma. Kumi na moja tu, nikajiona nimehitimu.

"Umwajiri wa nini? Wale kazi yao kuhesabu moja mpaka kumi. Hata mimi najua kuhesabu. Kila kitu kiko kwenye simu, watu wanakuonyesha bure. Mimi ndiye mwalimu wako."

"Kweli?"

"Niite Mwalimu."

Akacheka, akaniita Mwalimu. Wiki tatu nzima aliniita hivyo.

Tulikwenda saa nane mchana. Mwalimu Pumzi kati ya saa nane na saa kumi alikuwa anatoka, anakwenda majumbani kuwanyoosha viungo waliopooza. Jimu aliwaachia wenye kadi, na ukutani aliandika kwa rangi nyekundu: USINYANYUE PEKE YAKO. Nililipenda tangazo lile. Lilinipa cheo.

Siku ya kwanza Kaka alinyanyua chuma kitupu, kilo ishirini. Nikaona aibu. Thelathini. Arobaini. Wiki ya tatu nikamwekea sitini.

"Si nyingi, Mwalimu?"

"Wewe ni fundi au ni fundo? Lala hapo."

Akalala. Nikafunga klipu.

Klipu ni vibanio viwili vya waya mnene, vinakaa kwenye ncha za chuma ili sahani nzito zisiteleze. Akiwepo mtu wa kusimama nyuma yako, zinafungwa. Ukiwa peke yako, unaziacha wazi, ili ukizidiwa ukiinamishe chuma upande, sahani zidondoke, utoke mzima. Hayo yalikuwa kwenye video ya kumi na mbili. Sikuifikia.

Simu ikalia. Mchumba.

"Usiende mbali," Kaka alisema.

"Niko hapo hapo mlangoni. Anza."

Nilimsikia akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Mchumba akanisimulia kisa cha shangazi yake aliyevaa wigi kinyumenyume kwenye harusi, nikaanza kucheka. Tano. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Sita.

Saba sikuisikia.

Simu yangu imehifadhi muda wa maongezi yale. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Sijawahi kuifuta.

Nilipiga kelele, wachomeleaji wakaja mbio, wakanikuta nimeng'ang'ania chuma. Mmoja akasema, "Maskini, ndiye aliyemkuta." Mwingine akasema, "Amejitahidi kumwokoa." Maneno yakatangulia msibani kabla yangu. Nilipofika watu walinikumbatia, wakanisifu. Baba alinishika kichwa kwa mikono miwili mbele ya watu wote, akasema, "Angalau wewe ulikuwepo."

Nikanyamaza. Mtu akikosea akakuzidishia chenji unanyamaza, na mimi nikanyamaza hivyo hivyo.

Ila watu wana macho. Klipu zilikutwa zimefungwa. Basi kulikuwa na mtu. Na mtu huyo atakuwa nani, kama si mwalimu mwenyewe? Mwalimu Pumzi alisema alikuwa kwa mgonjwa. Mgonjwa ana kiharusi, hawezi kutoa ushahidi hata wa jina lake. Mama alimfukuza msibani kwa kiatu. Nusu ya wateja wake wakamkimbia, wakawa wananong'ona: muuaji.

Miezi kumi na moja imepita. Na mchumba? Sikuwahi kupokea tena simu yake. Kila ikilia nilikuwa naiangalia mpaka inyamaze. Pete mlishajua ilirudije.

* * *

Nikaenda. Msiniulize nilivyofika. Miguu ilikwenda, mimi nikafuata.

Mwalimu Pumzi ni mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mnene wa wastani, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Ukimwona barabarani utadhani anauza vitambaa vya meza. Aliivaa, akanitazama.

"Wewe ni mdogo wake."

"Ndiyo. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama yako alinipiga kiatu."

"Samahani kwa niaba ya kiatu."

Kona ya mdomo wake ilicheza, ikatulia. "Kaa. Jaza fomu."

Fomu ilikuwa na maswali kama ya polisi. Umewahi kunyanyua vyuma? *Sijawahi.* Umewahi kumsimamia mtu anayenyanyua? Kalamu ikakwama. *Sijawahi.*

Nikaitazama jimu nikijaribu kutoona. Harufu ya mpira na dawa ya kuchua. Vioo ukuta mzima. Benchi liko pale pale, limeshonewa ngozi mpya.

"Mwalimu, niambie ukweli," nilisema, nikitafuta mlango wa kutokea. "Mtu anayeanza anahitaji kweli mwalimu? Au ni biashara tu?"

Nilitegemea ajitetee. Akavua miwani.

"Wengi hawanihitaji siku zote. Kijana mzima namfundisha mara sita. Jinsi ya kuinama, jinsi ya kupumua, wakati gani aache. Baada ya hapo namwambia nenda, usinipe tena kitu. Wewe una moyo mbovu, nakutaka miezi mitatu."

"Na simu je? Video?"

"Video nzuri zipo. Hata mimi natazama."

"Sasa wewe unazidi nini?"

"Video haikuoni," alisema. "Simama."

Somo la kujaribu lilikuwa bure. Aliniwekea kiti, akaniambia nikae na kusimama, nikae na kusimama, mara kumi. Kazi ya bibi harusi, nikajiambia. Akahesabu yeye.

"Moja. Pumzi! Mbili. Pumzi! Tatu."

Nne. Tano. Jasho likaanza.

"Sita."

Nikaketi. Miguu ilikataa. Si kwamba ilichoka, ilikataa tu, kama punda aliyeona nyoka.

"Endelea."

"Sita ndiyo mwisho wangu."

Akanishika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo. Hakutazama saa. Alinitazama usoni.

"Misuli yako haijachoka. Umeogopa nini?"

"Mimi? Nimwogope nani, kiti?"

Akaenda kabatini kuchukua kipimo cha presha.

Ndipo nikaziona kadi. Zimepangwa ukutani kwenye mifuko ya mbao, kila mwanachama na yake: tarehe, kilo, mara ngapi. Nikatafuta herufi niliyoijua. Sikutaka kuitafuta. Mkono ukaivuta.

Kadi ya Kaka.

Ishirini. Thelathini. Arobaini. Hamsini. Sitini. Mbele ya sitini, mahali pa kuandika mara ngapi, pamebaki patupu.

Chini yake palikuwa na mstari mwingine.

Nikafumba macho, nikafumbua. Tarehe ya wiki mbili baada ya mazishi. Kilo ishirini, mara tano. Chini yake tena, ishirini, mara nane. Mistari ikashuka, ikajaza upande wa mbele, ikageukia nyuma. Ishirini na tano. Thelathini. Taratibu, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa iliyopita.

Hamsini na tano.

Nywele za shingoni zilinisimama zote, hata zile ambazo kinyozi huwa hazioni. Marehemu hajaacha mazoezi, nikajisemea, na safari hii sikucheka utani wangu.

"Rudisha hiyo," Mwalimu alisema nyuma yangu.

"Nani anaijaza?"

"Mwenye nayo."

"Mwenye nayo amekufa!"

"Anakuja saa nane." Akaichukua kadi mkononi mwangu, akairudisha kwenye mfuko wake ukutani polepole, kama anayemfunika mtoto shuka. "Leo amepumzika. Kesho atakuja. Na wewe uje kesho saa nane unipe jibu. Unanichukua au hunichukui."

* * *

Jibu nililipata kabla sijafika nyumbani. Simchukui.

Mwanamke anayekushika mkono mara moja na kujua umeogopa, utakaa naye miezi mitatu? Mwezi wa kwanza atajua nimeogopa nini. Wa pili atajua kwa nini. Wa tatu mama atavua kiatu kingine, na safari hii atakipeleka kwa mwenyewe. Na baba je? Mikono ile iliyonishika kichwa?

Bora moyo ulipuke na siri yake. Nitatembea tu asubuhi asubuhi. Kutembea hakuhitaji shahidi.

Lakini kadi. Mnajua kidole kinavyorudi kwenye jino bovu? Kesho yake saa nane kasorobo nilikuwa mlangoni.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani mtu ameketi kwenye benchi, amenipa mgongo, fulana nyeupe, taulo shingoni. Mabega yale. Kichogo kile, na ile njia ya kuinamisha kichwa upande wa kushoto kama anayesikiliza kufuli.

"Kaka," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

Akageuka.

Alikuwa baba.

Basi mama, kama unasomewa gazeti hili, mwanamke wa baba ni huyo. Ni wa chuma.

"Baba, unafanya nini hapa?"

"Shikamoo siku hizi hamna?"

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nanyanyua. Na wewe?"

"Nimekuja... namuulizia mwalimu. Kama nimchukue."

"Mchukue," baba alisema, akajifuta uso. Miezi kumi na moja alikuwa hajaniambia maneno mengi kama aliyoniambia siku ile. "Mimi nilikuja kumwua."

Mwalimu Pumzi alikuwa anapanga sahani za chuma. Hakugeuka. Inaelekea alishalisikia hilo.

"Siku ile nilifika kabla hawajamwondoa mwanangu," baba aliendelea. "Wote walimwangalia yeye. Mimi niliangalia klipu. Mimi ni fundi kufuli, Puto. Nikiona kitu kimefungwa, nauliza nani amefunga. Nikajua kulikuwa na mtu hapa, akafunga, akaondoka. Nikasema ni huyu mama. Nikaja nimwangalie machoni."

"Akaniangalia machoni," Mwalimu alisema, "halafu akaniambia nimfundishe."

"Nilitaka nione anavyowaacha watu. Nikachukua kadi ya mwanangu, nikaanza pale alipoanzia. Miezi kumi na moja." Baba akainua kidole. "Hajaniacha hata kwenda kunywa maji. Saa zake za wagonjwa amezihamisha kwa ajili yangu. Siku moja alipigiwa simu kwamba dada yake amelazwa. Akasubiri nimalize, niweke chuma chini, ndipo akalia. Si yeye."

Nikahisi sakafu imekuwa ngazi.

"Sasa nani?" baba aliuliza. Hakumwuliza yeyote. "Leo nafika sitini. Nikifika alipofika, labda nitaona alichokiona."

"Baba, twende nyumbani. Mama anadhani una mwanamke."

"Ana haki. Puto, simama nyuma yangu."

"Mzee, hajafundishwa," Mwalimu alisema. "Kwenye fomu ameandika hajawahi."

"Mfundishe sasa. Nataka damu yangu inisimamie leo."

Ningekataa vipi? Niambieni nyie mnaojua.

Baba akalala. Mwalimu akaniweka nyuma ya benchi: miguu hapa, magoti yalegee, mikono chini ya chuma bila kukigusa, macho usiyatoe. Akapandisha sahani, moja huku, moja kule. Sitini. Akainama kufunga kamba ya kiatu chake.

Na mikono yangu, wallahi sikuituma, ikafanya ilichozoea. Ikaokota klipu. Klipu za jimu ile zina ubovu: hazishiki mpaka uzibane, uzisukume, kisha uzikunje nusu mzunguko kuelekea ukutani. Mgeni huhangaika nazo mpaka atukane. Mimi niliifunga ya kulia, tak. Nikazunguka, nikaifunga ya kushoto, tak. Nikapiga sahani kofi, kama nilivyokuwa nampigia Kaka, kumwambia tayari.



Mwalimu alikuwa bado ameinama, kamba mkononi. Akainua uso taratibu.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Ipi?"

"Hiyo ya kukunja. Sijakuonyesha. Hakuna klipu nyingine mjini inafungwa hivyo."

Baba hakuinuka. Alikuwa anatazama dari. Mtu aliyekula maisha yake yote kwa kusikiliza vyuma vidogo vikiingiana, huna haja ya kumwonyesha.

"Fungua," alisema. "Halafu funga tena."

"Baba..."

"Funga tena nisikie."

Nikafungua. Nikafunga. Vidole vilijua njia. Tak. Tak.

"Nusu, kuelekea ukutani," baba alisema. "Ndivyo nilivyozikuta."

Nilifungua mdomo nitoe utani. Niapie nini mnisadiki? Ulikuwepo tayari, umekaa kwenye ncha ya ulimi. Kilichotoka kilikuwa kitu kingine.

"Aliniuliza kama amchukue mwalimu. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mimi ndiye mwalimu. Simu ikalia, Baba. Nikatoka nje."

Mwalimu Pumzi akasimama. Alishika ukuta, pale penye maandishi mekundu, kiganja kikafunika neno PEKE.

"Miezi kumi na moja," alisema. Haikuwa ile sauti yake ya kuhesabu pumzi. "Watoto wananiita muuaji nikinunua mkate. Na wewe jana umekaa kwenye kiti changu, ukanitania kuhusu kiatu."

"Mwalimu, nisamehe..."

"Usiniite mwalimu."

Akatoka. Hakukimbia. Chuma kilikuwa bado kimepumzika kwenye nguzo zake, baba hajakigusa, hapakuwa na mtu wa kulindwa. Nilimsikia akipita karakana, kisha akilia, kisha mashine ya kuchomelea ikamfunika.

Tukabaki wawili, baba na mimi, na kwenye vioo tulikuwa wengi.

"Ulikaa nje muda gani?" baba aliuliza.

"Baba, inuka kwanza tuongee."

"Nimekuuliza."

"Dakika nne. Na sekunde kumi na moja."

"Umezihesabu."

"Kila siku."

Akakishika chuma. Kabla sijaelewa, alikuwa amekitoa kwenye nguzo. Mikono yake haikutetemeka, alikuwa amefundishwa vizuri. Akakishusha polepole mpaka kifuani, chini kidogo ya shingo, akakiacha hapo.

"Basi toka," alisema. Pumzi zilianza kuwa fupi.

"Baba, pandisha. Pandisha, nakusaidia."

"Toka nje. Simama pale mlangoni uliposimama. Dakika nne na hizo sekunde zako. Halafu urudi."

"Baba, nakuomba!"

"Nataka kujua alikuwa anamwita nani."

Nikakirukia chuma kwa mikono miwili, nikavuta. Hakikuja. Nikaita, "Mwalimu! Mwalimu!" Nje cheche zililia, hakuna aliyenisikia. Moyo wangu wa miaka hamsini na tisa ukanipiga teke la kwanza, la pili. Nikapanua miguu, nikalegeza magoti kama nilivyoonyeshwa, nikavuta kwa nguvu zote nilizopewa na mama yangu.

Kilinyanyuka upana wa kidole, kikarudi.

Ndipo nikaiangalia mikono ya baba. Viwiko vimebanwa, mishipa imesimama, ngozi ya vidole imekuwa nyeupe. Kilo sitini tungeziweza, sisi wawili.

Baba alikuwa anakivuta chini.